Chai Haijaja, Morogoro Bado

Vijana wawili wa mtaani kwetu Kihonda wamepata kazi ya uhudumu kwenye treni ya umeme. Juzi walipita nyumbani kunionyesha sare zao, zilizopigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyanya. Baada ya shikamoo na soda, mmoja wao, Neema, akaniuliza swali ambalo inaonekana alikuwa amelibeba muda mrefu.

"Anko, eti ni kweli kwenye treni yenu watu walikuwa wanalala?"

"Walikuwa wanalala."

"Kwa nini? Ilikuwa inaharibika?"

Nilicheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuangalia kama nimepaliwa na soda. Lakini walipoondoka nilibaki nikiwaza. Safari ya Neema inakwisha kabla mtu hajasinzia vizuri. Mimi nimefanya kazi miaka mingi katika behewa la kulala, kwenye ile treni ya reli ya zamani inayotoka Dar, inapita hapa Morogoro na kwenda zake bara, Dodoma, Tabora na kuendelea, kisha inarudi. Abiria wangu waliingia wamechomekea, kesho yake asubuhi niliwaona wakiwa na alama za mto shavuni. Kazi hiyo ina mambo yake. Ninawaandikia ninyi mnaoanza, ingawa hamtalaza mtu. Siku moja mtaambiwa kuna kitu kimeondolewa, na mtasimama mbele ya abiria bila kujua mikono muiweke wapi. Mimi nimeshasimama hapo.

Mjue kwanza mnasoma maneno ya nani. Nimestaafu kwa hiari, magoti yamechoka kabla ya nywele. Nina shahada ya falsafa, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kumfanya baba yangu akohoe kila alipoulizwa mwanawe anafanya nini mjini. Niliomba kazi ofisini nikapewa trei. Niliambiwa ni kwa muda, wakati wanatafuta nafasi inayolingana na elimu yangu. Nadhani bado wanatafuta.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sefu, mkuu wa wahudumu wa behewa letu. Alikulia Turiani, baba yake akifanya kazi kiwanda cha sukari, na alidai ndiyo maana hakuweza kuvumilia chai isiyo na sukari ya kutosha. Mimi aliniita Msomi. Hakuwa ananisifu.

"Msomi, chai ya treni haimiminwi kwa mkono," aliniambia siku ya kwanza. "Inamiminwa kwa magoti."

Alikuwa na maana kwamba magoti yalegezwe yafuate behewa linavyokwenda, ili mwili wa juu utulie. Kikombe hakijazwi, kinafika nusu na kidogo. Kijiko kinaachwa ndani. Trei inakaa karibu na tumbo, na masikio yanakaa kwenye magurudumu, kwa sababu mlio wake hubadilika kabla ya kona. Nilielewa yote hayo kinadharia. Kwenye kona ya kwanza nilimwagia kikombe kizima sista mmoja wa Mgeta, mama mtu mzima aliyekuwa amekaa kimya akisali. Alijipangusa, akanitazama kwa upole.

"Ahsante mwanangu," akasema. "Lakini mimi nilishabatizwa."

Sehemu ya pili ya somo ilikuwa mlango. Mzee Sefu alikuwa anagonga kwa kifundo cha kidole cha kati, polepole, kisha anasema "Hodi, chai," na kurudi nyuma hatua moja, ili abiria akifungua asikutane na pua ya mtu. Unasubiri karibu. Usiposikia karibu unagonga tena. Hutoki pale mpaka umesikia sauti ya binadamu.

Tulipokuwa tunarudi kutoka bara, chai ilitoka kunapopambazuka, tukishaiacha stesheni ya Kimamba. Mzee Sefu aliipangilia hivyo kwa makusudi. Wa kushuka Morogoro waliinywa wamesimama, huku wanafunga mizigo. Wa kwenda Dar waliinywa wamekaa, wakiwatazama wenzao wanavyohangaika. Hakuna aliyehitaji kuamshwa. Abiria wazoefu walikuwa hawaulizi hata tumefika wapi, chai ilikuwa inawajibu.

Baadaye wakubwa wakaanza kupunguza. Vilianza kuondoka vitu vidogo, kimyakimya. Kipande cha sabuni kilichokuwa kinawekwa juu ya taulo. Taulo lenyewe. Mto wa pili. Maji ya chupa. Soketi za kuchajia simu zikafungwa vifuniko. Kila kilipoondoka tulipewa sentensi ya kuwaambia abiria, na sentensi zote zilikuwa na neno "kuboresha" ndani yake.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa mchele wa Dakawa, Mama Rehema, aliyesafiri nasi mara kwa mara. Nilipomwambia habari za maji ya chupa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, taulo mmeniboreshea," akasema. "Sabuni mmeniboreshea. Nakuomba kwa heshima zote, shuka niachie. Usiniboreshee shuka."

"Mama, mimi ni mjumbe tu."

"Najua. Basi wapelekee na ujumbe wangu. Waambie safari ijayo nitakuja na gurudumu langu."

Niwaambie ukweli, vijana, taulo lilipoondoka mimi nilipumua. Hamjawahi kumkimbilia mheshimiwa kwenye jukwaa la stesheni kumweleza kwamba taulo letu limejisahau ndani ya begi lake. Mimi nimewahi, na alikuwa mheshimiwa mwenye sauti. Vitu vingi vya bure ni raha kwa anayepewa na presha kwa anayegawa. Sikulilia sabuni wala mto wa pili.

Chai ilikuwa habari nyingine. Taarifa ilitukuta huko huko bara, treni ikijiandaa kurudi: kuanzia safari hiyo, chai ya asubuhi haitatolewa vyumbani. Mzee Sefu aliipokea kama anayepewa habari za msiba wa jirani. Aliuliza mara mbili kama ni kweli, akakaa, akaanza kuyafuta mabirika ambayo hayakuwa machafu.

"Tuwatangazie abiria?" nikamuuliza.

"Utangaze nini? Mtu ndiyo kwanza anapanda, unamwambia ya kesho asubuhi hakuna? Atakayeuliza tutamjibu."

Nilikubali. Hapo tulikuwa tumeshakosea, ila bado hatukujua.

Tabora alipanda mzee mmoja, Benedikti, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya sweta, na ndoo ya asali mkononi ambayo hakutaka mtu yeyote amsaidie kuibeba. Niliposikia anavyotamka nikajua ni mtu wa milima yetu. Nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nakwenda nyumbani, Mgeta. Kesho namwoza mpwa wangu, Skola."

Kwa ninyi msiotoka huku: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Baba wa bibi harusi atakuwepo, atavaa vizuri, atakula, lakini anayesimama na kusema "Haya, mchukueni" ni mjomba. Bibi harusi hatoki ndani kwenda kanisani mpaka kauli hiyo itoke. Mama yake Skola alikuwa na kaka mmoja tu, na kaka huyo alikuwa mbele yangu, anatafuta mahali pa kuweka ndoo.

"Misa ni ya mchana," alisema. "Nikishuka Morogoro asubuhi napanda gari la mlimani, nafika. Treni hii naijua, mwanangu. Nimesafiri nayo tangu wewe hujaota ndevu."

Kwa kuwa treni aliijua, hakuomba kuamshwa.

Asubuhi ilikuja na mvua. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye mashamba ya mkonge, na abiria walikuwa wamefunga madirisha yote. Tulikuwa tumeiacha Kimamba. Mimi na Mzee Sefu tulisimama kwenye kijichumba chetu, trei zimeegemea ukuta.

"Sasa tunafanyaje?" nikauliza. "Tukagonge?"

"Ugonge na nini mkononi?"

"Na mkono wenyewe."

"Msomi, unaweza kugonga mlango wa mtu mzima alfajiri, atoke na khanga yake, akuone umesimama mikono mitupu? Utamwambia nini? 'Hodi, nimekuja kukutazama'?"

Nilipaswa kumbishia, nikakubali. Kibaya zaidi, elimu yangu ikaja kumsaidia. Nilieleza kwamba hodi ni aina ya ahadi, kwamba anayebisha anadai kufunguliwa na kwa hiyo lazima awe na kitu cha kutoa, na kwamba hodi isiyo na kitu ni uvamizi wa faragha. Nilieleza vizuri sana. Mzee Sefu aliniangalia kwa mara ya kwanza kama mtu ambaye shahada yake ina faida.

Tukakubaliana kuwaamsha walioomba tu. Kwa wengine ningepita koridoni kutaja jina la kituo. Nilipita. Kwa kuwa nilikuwa nimejaa uungwana, nilisema "Morogoro, Morogoro" kwa sauti ya mtu anayeongea wodini.

Treni ilisimama Morogoro, watu wakashuka, wengine wakapanda, tukaondoka. Tulikuwa tumeshaanza kushika kasi mlango mmoja ulipofunguka na Mzee Benedikti akatoa kichwa. Alikuwa amevaa koti, amenyoa, nywele zimechanwa kwa maji. Amekaa tayari muda wote.

"Mwanangu, leo chai imechelewa, eh?"

"Shikamoo mzee. Chai... imeondolewa."

"Imeondolewa, inarudi saa ngapi?"

"Hairudi mzee. Wameifuta."

"Sasa bila chai, mtu atajuaje Morogoro inakaribia?"

Nilijaribu kulitafuta neno laini. Halikuwepo. "Mzee wangu, Morogoro tumeiacha."

"Tumeiacha?"

"Pale tuliposimama."

"Pale si ni Kimamba?" Akashika fremu ya mlango. "Nilisikia tumesimama. Nikasema moyoni, chai haijaja, Morogoro bado. Nikaendelea kukaa." Kisha uso wake ukabadilika. "Skola. Mwanangu, yule mtoto hatatoka ndani."

Vijana, nimewahi kuona treni ikikaa siku nzima porini kwa mafuriko, sikuogopa hivyo. Mbele yetu kulikuwa na Dar. Akifika Dar, arudi kwa basi, apande mlima kwenye mvua, angemkuta bwana harusi ameshazeeka.

Mama Rehema alikuwa chumba cha jirani, na alikuwa amesikia kila kitu, kama kawaida ya mbao za behewa letu. "Vuta breki ya dharura!" akapiga kelele. "Unangoja nini? Au na yenyewe mmeiboresha?"

Mzee Sefu alikuwa ameshakimbilia kwa gadi, ambaye ndiye mkuu wa treni nyuma huku na ana redio ya kuongea na dereva. Nilimfuata. Reli yetu ilikuwa moja, treni mbili zikikutana lazima moja isubiri kituoni.

"Tunapishana na mtu?" Mzee Sefu akauliza, anahema. "Niambie tunapishana na mtu."

"Na treni ya mizigo."

"Wapi?"

"Ama Mikese ama Ngerengere. Inategemea."

"Inategemea nini, ndugu yangu?"

"Inategemea nani anafika kwanza."

Mikese iko jirani na barabara kuu. Mtu akishushwa hapo anaweza kurudi. Ngerengere iko ndani huko, mbali na lami. Tukasimama watu wazima watatu tukiitazama redio. Nikarudi kwa mzee, nikamkuta amekaa juu ya kitanda, ndoo ya asali mapajani. Simu yake ilikuwa imezima, soketi zetu mnazijua. Nikampa yangu. Namba aliyoijua kichwani ilikuwa moja, ya bibi harusi. Nikaiweka sauti ya juu kwa kuwa masikio yake hayakuwa yanapatana na magurudumu.

"Skola? Mimi mjomba."

"Mjomba! Umefika Morogoro?"

"Nimefika."

"Ahsante Mungu!"

"Nimefika, halafu nimeondoka."

"Mjomba, umekwenda wapi?"

"Nakwenda Dar."

"Dar? Mjomba! Leo? Dar kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nilikuwa nasubiri chai."

Nyuma ya Skola nilisikia sauti za wanawake, mmoja akiuliza "Anasema nini?" na mwingine akijibu "Anasema anakunywa chai Dar," na hapo pakazuka makelele. Nilitamani nirudishe taulo, sabuni, mito yote, kwa mikono yangu mwenyewe. Na kisha magurudumu yakabadilisha mlio. Haikuwa kona. Yalikuwa yanapunguza mwendo.

"Mikese!" Mzee Sefu akaja mbio koridoni, hanong'oni kama mimi. "Mikese! Mikese! Mikese!" Behewa zima likaamka. Nadhani hata waliokuwa wanakwenda Dar walianza kufunga mizigo.

Tulishuka mimi na mzee. Ndoo aliibeba mwenyewe. Tulikatiza kwenye nyasi zilizolowa hadi barabarani, na mimi nikasimama katikati ya mvua na sare yangu, nikiwa sina mpango wowote ila mkono wangu mmoja hewani.

Wanaoijua Mgeta wameshajua kilichofuata, sisi tu ndio tulikuwa hatujafikiri. Malori ya mboga hushuka Dar na kabichi na karoti, yanashusha, na asubuhi yanarudi mlimani matupu. La kwanza lilitupita. La pili lilisimama mbele yetu, na kijana akachungulia dirishani.

"Oya, Mkuu, treni imekushusha?"

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Mgeta. Nakimbiza hapa, nina harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya dada mmoja wa kwetu, Skola. Mimi mwenyewe ndio nabeba wageni." Akamwona mzee nyuma yangu, akaona ndoo na koti, akazima injini kwa heshima. "Mjomba Ben? Shikamoo! Sasa mjomba, Mikese unafanya nini?"

"Marahaba. Usiniulize, mwanangu. Fungua mlango."

Kabla hajapanda, mzee alinishika mkono. Nilijua ananipa pole au ananilaani, na vyote ningevipokea. "Gari la abiria pale mjini husubiri lijae kwanza," akasema. "Hili, nikishapanda mimi, limejaa. Nitafika mapema." Akapanda. Lori likaondoka na majani ya kabichi yakiruka kutoka nyuma.

Honi ya treni ikalia. Nilikimbia kama sijawahi kusoma. Mzee Sefu alikuwa ananing'inia mlangoni, mkono umenyooshwa. "Panda wewe! Falsafa utaimalizia ndani!"

Tulikuwa tunaingia Dar simu yangu ilipoita. Ilikuwa namba ya Skola, lakini aliyeongea alikuwa mwanamke mwingine, na ilimbidi apige kelele juu ya vigelegele. "Wewe ndiye mtu wa treni? Mjomba ameshatoa kauli! Bibi harusi anatoka! Bwana harusi ndiye hajafika, gari lake limekwama kwenye matope!" Nilimwambia Mzee Sefu. Aliketi juu ya godoro la abiria, jambo alilokuwa amelikataza tangu nimjue, akacheka mpaka akatoa kitambaa na kufuta macho. Mimi nilikaa kando yake. Sikumbuki kupumua vizuri namna ile siku nyingine yoyote kazini, hata siku ile taulo lilipoondoka.

Siku kadhaa baadaye tulikuwa tunapanda tena bara, na Morogoro jioni akapanda Mzee Benedikti, anarudi Tabora. Safari hii badala ya ndoo alikuwa na chupa ya chai kubwa, zawadi ya Skola, na mfuko wa maandazi. Alitusalimia kama ndugu, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Kulipopambazuka, kabla ya Dodoma, Mzee Sefu alivaa koti lake vizuri. Akaichukua trei tupu.

"Hiyo ya nini?" nikamuuliza.

"Mkono umezoea," akasema. "Twende."

Akagonga mlango wa kwanza kwa kifundo cha kidole cha kati, akarudi nyuma hatua moja. "Hodi," akasema. "Chai hakuna. Ila kumekucha, na Dodoma inakaribia."

Ndani kitanda kikalia. Kisha mtu akacheka, akasema ahsante. Mlango wa pili walituuliza kama tunaumwa. Wa tatu walikuwa wamepitiliza kulala, wa kushuka Dodoma, na wakatushukuru huku wanavaa viatu. Hatukuacha mlango hata mmoja mpaka tumesikia sauti ya binadamu.

Wa mwisho ulikuwa wa Mzee Benedikti. "Hodi," Mzee Sefu akasema. "Chai hakuna..."

"Nani kasema hakuna?" Mlango ukafunguka. Alikuwa amekaa, koti mwilini, vikombe vitatu vya plastiki vimepangwa kwenye kimeza. "Mtu akibisha hodi asubuhi anakaribishwa chai. Huko kwenu hamfanyi hivyo? Karibuni."

Mzee Sefu aliitazama trei yake, akaitazama chupa. Akainyoosha trei. Mzee Benedikti akaweka vikombe juu yake, akaanza kumimina, chai ya tangawizi, nusu na kidogo kila kimoja, na behewa lilipoingia kwenye kona hakumwaga hata tone. Mzee Sefu ndiye aliyekuwa ameshika, na magoti yake yalikuwa yanajua kazi.